Mnasema kizuri: kizuri wapi?

Barua za safari hii zimetoka kwa vikundi vya usomaji vya Mwanza na visiwani. Tumezifupisha, majina tumeyaacha.

Tuko saba, tunakutana Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Tumemaliza Rosa Mistika. Kila mtu alisema kitabu kizuri, kinafundisha. Mwalimu wetu mstaafu akaeleza funzo lake, sote tukaitikia. Robo saa tu, mazungumzo yakaisha. Tunakosea wapi? (Katibu, Nyakato)

Kwanza ni zamu za kusema. Mwalimu akishatamka funzo la kitabu, nani atainua mdomo amwambie yeye kaona vingine? Hapo mjadala umefungwa na adabu, wala si uvivu wa kusoma. Kwa hiyo kabla mtu hajasema neno, toeni dakika tano za kimya. Kila mmoja aandike namba mbili za kurasa: uliomshika, na uliomchosha au kumkera. Kisha aanze mdogo kuliko wote, mpande kwa umri, Mwalimu afunge. Mwombeni mapema: "Mwalimu, leo tunaomba wewe ndiye utufungie." Nafasi ya mwisho ina heshima yake, hatakataa. Dakika nne kwa kila mtu ni dakika 28 kwa watu saba, na hapo ubishi ndio kwanza unaanza.

Pili ni hilo neno "kinafundisha". Limetoka kwenye mitihani ya fasihi, ambako mtu hutafuta dhamira na funzo apate maksi. Kikundini halina kazi, maana kila kitabu kinafundisha kitu. Wengi wakisoma riwaya hii ya Euphrase Kezilahabi (1971) husema ukali wa Zakaria ndio uliompoteza bintiye Rosa. Ni maoni mazito, lakini yakiachwa hivyo hayabishaniki. Yageuzeni yawe kazi ya kutafuta. Leteni sehemu tatu ambapo Rosa anaamua jambo bila mtu kumlazimisha. Tazameni Regina, mama yake Rosa, anafanya nini mumewe anapopiga. Gawanyikeni: upande mmoja uonyeshe msimulizi anamtetea Rosa, mwingine uonyeshe anamhukumu, kila upande kwa sentensi iliyosomwa kitabuni. Mwenye kusema "nahisi tu" bila ukurasa, arudi kutafuta.

Na asiyekipenda abanwe vilevile, kwa sababu "sikukipenda" ina sura tatu. Ikiwa lugha ilimshinda, asomewe aya hiyo kwa sauti, mara nyingi inafunguka. Ikiwa mhusika alimkera, huenda mwandishi alitaka akereke. Ila ikiwa hakuamini kwamba jambo lile lingeweza kutokea hivyo, huo ndio upungufu wa kujadiliwa, na mtu huyo ndiye mwenye mengi ya kuwaambia.

Sisi ni wa Ukerewe, tukaona aibu kutosoma kitabu cha mzee Kitereza, Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Tumekwama katikati ya juzuu la kwanza, na watu wanne wameacha kuja. Tukitupe? (Nansio)

Msikitupe, ila mlikisoma kwa mwendo usio wake. Aniceti Kitereza alikiandika kwa Kikerewe, akamaliza mwaka 1945. Mchapishaji wa kukitoa kwa lugha hiyo hakupatikana, ndipo akakitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili. Kilichapishwa mwaka 1980, naye akafariki 1981. Alikusudia kuhifadhi maisha ya Wakerewe wa zamani, na ndiyo maana hadithi husimama ili mjue pombe ya ndizi inavyotengenezwa au mgeni anavyopokewa. Mkisubiri kila ukurasa usukume kisa mbele, mtachoka kweli.

Kateni kisa cha kwanza kisimame peke yake: Bugonoka anachukuliwa na wazazi wake kwa sababu ndoa haijapata mtoto, Myombekere anahangaika kumrudisha, anatozwa pombe na wakwe, mpaka mke anarudi nyumbani. Hapo pawe mwisho wa awamu ya kwanza. Kurasa 40 kwa mkutano zinatosha. Kila mkutano mpeni mtu mmoja kazi ya kwenda kwa mzee wa kijijini na swali moja lililotoka kitabuni (vyombo, samaki, miiko ya ukweni, chochote) alete jibu. Wasomaji wa Dar es Salaam hawana bahati hiyo. Hao wanne waiteni kwa awamu ya pili, wasidaiwe ya kwanza.

Mkihitaji kupumua kati ya awamu, rudini kwa Kezilahabi, mwana wa Namagondo hukohuko Ukerewe. Kichwamaji (1974) kinafuata vizuri baada ya Rosa Mistika, kisha Gamba la Nyoka (1979) kwa wanaotaka kubishana juu ya vijiji vya ujamaa. Nagona (1990) na Mzingile (1991) viacheni kwanza. Ni vyembamba, na wembamba huo umeponza vikundi vingi vilivyodhani vitamaliza kwa wiki moja: humo hakuna kisa cha kawaida cha kushika mkono, na mafumbo yake yanataka kusomwa mara mbili.

Tunachagua kwa kunyoosha mikono, na kila mara nusu ya watu hawasomi kilichoshinda. (Igoma)

Mikono huonyesha kinachopendwa na kundi kubwa kidogo, haionyeshi kinachovumilika na wote. Chukueni watu saba na vitabu vitatu. Watatu wananyoosha kwa A, wawili kwa B, wawili kwa C. A imeshinda, na wanne hawaitaki. Sasa kila mtu apange vyote kwenye karatasi: cha kwanza alama 3, cha pili 2, cha mwisho 1. Tuseme wale watatu wa A wanaiweka B ya pili, wa C nao wanaiweka B ya pili, na wa B wanaweka C ya pili. Hesabu inakuwa A 13, B 16, C 13. B iliyokuwa na mikono miwili ndiyo itakayosomwa na wengi.

Karatasi zisiwe na majina. Na kitabu kisiingie kwenye kura mpaka aliyekipendekeza aseme kina kurasa ngapi, nakala ziko wapi na kwa bei gani, kisha asome ukurasa wa kwanza kwa sauti. Ukurasa huo huwaondoa wagombea wengi bila ugomvi.

Tuko kumi, tuna nakala mbili. Mmoja wetu anataka tukatoe kopi kitabu kizima. (Kirumba)

Kopi ya kitabu kizima kilicho bado na hakimiliki ni kuvunja sheria, tena mwandishi hapati kitu. Pigeni hesabu kwanza. Someni nusu saa mhesabu kurasa. Mkipata 15, kitabu cha kurasa 240 kinataka saa nane, yaani siku 16 kwa nusu saa kila siku. Nakala mbili kwa watu kumi ni watu watano kwa kila nakala: siku 80. Halafu mnakutana kila mwezi! Wa mwisho atasoma wakati wa kwanza ameshasahau majina.

Njia tatu zinafanya kazi. Someni tamthilia, ambayo nakala mbili zinatosha mkigawana wahusika na kuisoma kwa sauti mkutanoni. Kinjeketile ya Ebrahim Hussein (1969) inafaa sana. Au gawaneni wawiliwawili, kila wawili na kitabu chao cha mwandishi mmoja, mje mlinganishe: kwa Adam Shafi mna Kuli, Kasri ya Mwinyi Fuad na Vuta N'kuvute, na kila jozi itahitaji nakala moja tu. Au ulizeni maktaba ya mkoa kabla ya kupiga kura, si baada yake. Nakala inayozunguka ifungwe kwenye mfuko wa plastiki, hasa ikivuka kwa kivuko, na alama ziwekwe kwa vipande vya karatasi. Mstari wa kalamu ya wino humwongoza msomaji anayefuata, akaja mkutanoni na maoni ya mwenzake.

Kwenye grupu letu la WhatsApp dada mmoja alitoboa mwisho wa riwaya. Tumwondoe? (Buzuruga)

Hapana, wekeni utaratibu. Kila ujumbe uanze na namba ya sura: "Sura ya 6:", halafu maneno. Ambaye hajafika huko anaupita. Mwisho wa kitabu uzungumzwe ana kwa ana tu, na aliyechelewa kumaliza aje hivyohivyo; siku hiyo ashike saa, ahesabie wenzake dakika nne nne.