Kaizari avae mgolole?

SWALI: Shikamoo Bibi. Sisi ni kikundi cha maigizo hapa Morogoro, vijana kumi na wanne. Tumekubaliana kuigiza Juliasi Kaizari, tamthilia ya Mwingereza Shakespeare katika tafsiri ya Mwalimu Nyerere, ila mavazi yametugombanisha. Wengine wanataka mashuka ya Kirumi kama ya kwenye sinema. Wengine wanasema tuvae migolole kwa kuwa tamthilia imeshakuwa ya Kiswahili. Waliotutangulia walizifanyaje hizi tamthilia za kigeni?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba, mjukuu wangu. Ugomvi kama wenu niliwahi kuumaliza kwa mkasi.

Nguo ya kuihangaikia katika tamthilia hiyo ni moja tu, ile aliyouawa nayo Kaizari. Rafiki yake Mark Antony anaiinua mbele ya umati na kuonyesha tundu moja moja: hapa kilipita kisu cha Cassius, hapa cha Casca, hapa cha Brutus aliyependwa. Nilipokuwa nafundisha sekondari nilinunua mita nne za kitambaa cha marekani, nikamfunga kijana begani kama mgolole. Usiku wa kuamkia onyesho niliitoboa, kila tundu nikalizungushia maji ya choya niliyoyachemsha mpaka yakawa mazito. Nikaenda kusimama mwisho wa bwalo kuangalia. Sikuona kitu. Nikarudi kuzipanua tundu mpaka kiganja kikapita. Kesho yake kijana alipoitanua nguo ile, mwanga wa karabai uliokuwa nyuma yake ulipenya kwenye matundu, na bwalo zima likashusha pumzi kwa pamoja. Hakuna aliyeniuliza habari za mashuka ya Kirumi. Kwa hiyo mimi niko upande wa mgolole, mradi uwe mweupe na usio na maua.

Sasa hao waliotangulia. Shakespeare hakuingia katika Kiswahili kwa mlango wa jukwaa. Mmisionari Edward Steere alichapa Hadithi za Kiingereza kule Unguja mwaka 1867, masimulizi mafupi yaliyotokana na tamthilia za Shakespeare. Hadithi ya yule mfanyabiashara wa Venisi aliyeweka rehani ratili ya nyama ya mwili wake, Steere aliiita Kuwia na Kuwiwa, yaani kudai na kudaiwa. Miaka 102 baadaye, mwaka 1969, Nyerere aliifasiri tamthilia yenyewe akaiita Mabepari wa Venisi. Hebu yatamke majina hayo mawili kwa sauti. La kwanza ni la barazani, watu wanazungumza habari za deni. La pili limetoka katika nchi iliyokuwa na miaka miwili tu tangu Azimio la Arusha, na neno "mabepari" lilikuwa la moto. Angeweza kuandika "wafanyabiashara", akakataa. Mfasiri alishaanza kuigiza kabla pazia halijafunguliwa, na hapo ndipo tamthilia inapogeuka kuwa yetu, kwenye neno. Nguo inafuata nyuma.

Hiyo yenu aliitoa kwanza mwaka 1963, halafu akairudia na kuitoa upya mwaka 1969. Rais mwenye nchi changa mikononi alitafuta nafasi ya kusahihisha mistari ya tamthilia! Nikikuta kikundi kinaigiza baada ya mazoezi manne, huwa namkumbuka yeye. Samuel Mushi naye alituletea Makbeth mwaka 1968 na Tufani mwaka 1969, zote za Shakespeare. Baadaye, mwaka 1979, Christon Mwakasaka alifasiri Mkaguzi Mkuu wa Serikali ya Mrusi Gogol. Vitabu hivyo vimekaa zaidi madarasani kuliko jukwaani, na jambo hilo linaniuma.

Ipo pia historia nyingine ambayo vijana mnapaswa kuijua. Ukumbi wa Taifa wa maigizo wa Nairobi ulifunguliwa mwaka 1952, enzi za ukoloni. Oktoba 1976, Wakenya walipotaka kuigiza humo tamthilia mbili zilizokuwa zikiandaliwa kwa FESTAC, tamasha la sanaa za Waafrika la Lagos, walikuta nafasi imeshatengewa baleti ya Kifaransa na mchezo wa kuchekesha wa Kimarekani. Mojawapo ya tamthilia hizo ilikuwa ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Mũgo, juu ya kesi ya Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau. Wakapewa siku chache tu. Kwangu mgeni si tatizo, ila mgeni wa namna hiyo anakaa kwenye kiti cha mwenye nyumba.

Aprili 2012 safari iligeuka. Ukumbi wa Globe wa London ulialika tamthilia 37 za Shakespeare kwa lugha 37, na kikundi kutoka Nairobi kikapeleka Wanawake wa Heri wa Winsa kwa Kiswahili. Falstaff, yule mzee mnene anayetongoza wake za watu wawili kwa barua zinazofanana, aliigizwa na Mtanzania Mrisho Mpoto. Globe haina paa katikati, na watazamaji wa uwanjani husimama. Kiswahili kilisemwa pale kwa sauti ya kufika mbali.

Jambo la mwisho ni la mazoezi. Mistari ya Nyerere katika Kaizari haina vina. Vijana waliozoea tenzi huanza kuiimba, wakishusha sauti kila mwisho wa mstari, na maana inapotea. Fuateni nukta, msifuate ukingo wa ukurasa. Someni mkiwa mmesimama, mmoja akae nyuma kabisa na anyooshe mkono kila asiposikia.

Mkishapanga tarehe niandikieni. Nauli ya basi ninayo, na mkasi nitakuja nao.