Kubadili fonti katika hati ndefu yenye faili nyingi

SWALI: Tuna mwongozo wa kiufundi wenye sura 14, kila sura ikiwa faili yake ya Word, na waandishi walikuwa watano. Sasa tunatakiwa kuhama kutoka Times New Roman kwenda Noto Serif. Nilifungua sura ya kwanza, nikabonyeza Ctrl+A na kuchagua fonti mpya. Tanbihi na vijajuu vimebaki na fonti ya zamani, vichwa vimepoteza sura yake, na baadhi ya orodha zina nambari za fonti moja na maneno ya fonti nyingine. Je, kuna njia ya kufanya kazi hii mara moja kwa faili zote?

JIBU: Ipo, ila kwanza rudisha sura hiyo ya kwanza kwenye nakala ya awali. Ctrl+A huchagua maandishi ya eneo moja tu, lile ambalo kishale kimo. Vijajuu, vijachini, tanbihi na visanduku vya maandishi ni maeneo tofauti, na ndiyo maana hayakuguswa. Isitoshe, fonti uliyoiweka kwa njia hiyo imebandikwa juu ya kila neno na kufunika kile ambacho mtindo wa aya (style, yaani muundo uliopewa jina) unasema. Vichwa vimeharibika kwa sababu hiyo. Ukiokoa faili hivyo, safari ijayo mtindo ukibadilishwa hakuna kitakachotokea, kwani kila neno limeshafungwa kwa fonti yake.

Katika hati ya faili nyingi, fonti inapaswa kutajwa mahali pamoja tu: ndani ya mitindo ya kiolezo kimoja (template, faili ya mfano) ambacho sura zote zimeunganishwa nacho. Kutengeneza kiolezo hicho ni kazi ndogo. Kinachokula muda ni kusafisha faili ili zikitii.

Anza na majina ya mitindo. Kiolezo husasisha mtindo pale tu jina linapolingana herufi kwa herufi. Kwa waandishi watano, huenda mmoja alitumia Normal kwa aya za kawaida, mwingine Body Text, mwingine akabuni wake na kuuita Mwili. Fungua kila sura, kisha fungua kidirisha cha mitindo kwa Alt+Ctrl+Shift+S na uandike ni mitindo gani inatumika kweli. Amua jina moja kwa kila kazi: aya ya kawaida, vichwa vya ngazi tatu, maelezo ya picha, maandishi ya jedwali, tanbihi. Kisha tumia Ctrl+H: kwenye kisanduku cha kutafuta chagua Format, halafu Style, uteue Mwili, kwenye cha kubadilishia uteue Body Text, visanduku vyote viwili viache bila maneno. Replace All itahamisha aya zote. Tunashauri Body Text badala ya Normal kwa aya za kawaida, kwa sababu mitindo mingi hurithi kutoka Normal, na ukiigusa Normal unagusa majedwali na vijajuu pia, wakati mwingine bila kukusudia.

Hatua ya pili ndiyo ngumu: kuondoa fonti zilizobandikwa kwa mkono. Ctrl+Space huzifuta, lakini hufuta pia mlazo na herufi nzito ambazo mwandishi aliziweka kwa sababu maalumu. Katika mwongozo wa kiufundi huo ni upotevu halisi, kwani onyo lililokoozwa linageuka sentensi ya kawaida na hakuna anayegundua. Kwa hiyo hifadhi alama hizo kabla ya kusafisha.

Fungua Ctrl+H. Sehemu ya kutafuta iache tupu, lakini kwa Format weka mambo mawili: Font yenye Italic, na Style ya Body Text. Sehemu ya kubadilishia andika %%^&$$ bila kuweka muundo wowote. Sasa kila kipande cha mlazo kimezungukwa na alama. Kwa herufi nzito tumia alama nyingine, kwa mfano ##^&~~, na hakikisha hakuna hata moja kati ya alama hizi iliyokuwamo kwenye hati tangu mwanzo. Usiache kutaja mtindo wa Body Text katika utafutaji huo. Maelezo ya picha mara nyingi huwa ya mlazo kwa mtindo wake wenyewe. Ukiyatia alama, baadaye yatavikwa mlazo juu ya mlazo, na Word huugeuza kuwa herufi zilizosimama wima.

Baada ya hapo bonyeza Ctrl+A, kisha Ctrl+Space. Rudi Ctrl+H, washa Use wildcards (ili * isimame badala ya maneno yoyote), tafuta %%(*)$$ na badilisha kwa \1, huku muundo wa kubadilishia ukiwa mtindo wa herufi Emphasis. Fanya vivyo hivyo kwa ##(*)~~ na mtindo wa Strong. Alama zinaondoka, mlazo na herufi nzito vinarudi, na safari hii vinatoka kwenye mtindo.

Ctrl+Space ina madhara mengine mawili ya kutazamia. Nambari za tanbihi ndani ya maandishi hushuka na kuwa za ukubwa wa kawaida, kwa sababu mtindo wao wa herufi nao umefutwa. Zirejeshe kwa kutafuta ^2, kubadilishia ^&, na muundo wa kubadilishia uwe Footnote Reference (Use wildcards iwe imezimwa). Hii inafaa kama hati haina tanbihi za mwisho wa sura, maana alama ^2 hukamata zote. La pili ni alama zilizopigwa kwa Wingdings: mshale au tiki inaweza kugeuka herufi ya kawaida isiyo na maana. Zitafute mapema kwa jina la fonti, kisha uweke mahali pake alama halisi kupitia Insert, Symbol.

Kwa tanbihi, bofya ndani ya tanbihi moja, bonyeza Ctrl+A na urudie usafishaji. Kama zina mlazo wa kuhifadhi, zitie alama kwanza kwa kutumia mtindo wa Footnote Text. Vijajuu, vijachini na visanduku vya maandishi vishughulikie kimoja kimoja.

Ile shida ya nambari za orodha ina sababu yake. Nambari ya orodha haifuati maneno ya aya. Hufuata muundo wa alama ya mwisho wa aya, isipokuwa kama fonti imetajwa kwenye ngazi ya orodha yenyewe. Onyesha alama hizo kwa Ctrl+Shift+8 uhakikishe nazo zimesafishwa. Nambari ikikaidi, fungua Define New Multilevel List, bonyeza Font kwa ngazi husika, na ufute jina la fonti lililoandikwa humo.

Sasa kiolezo. Tengeneza faili mwongozo.dotx yenye mitindo ile uliyoiamua, na katika kila mmoja taja Noto Serif kwa jina lake. Wengi hupenda kuacha +Body na +Headings, yaani fonti za mandhari ya faili (theme), wakitarajia kubadilisha mandhari peke yake. Ndani ya faili moja hilo ni zuri. Kwa faili 14 si zuri, kwa sababu kuunganisha kiolezo huleta mitindo bila mandhari: kila sura itatafsiri +Body kwa mandhari yake yenyewe, na unaweza kupata fonti tatu tofauti kutoka kiolezo kimoja. Katika dirisha la Modify Style hakikisha pia Automatically update imezimwa. Ikiwashwa, mtu akibadili aya moja kwa mkono, mtindo mzima hubadilika naye.

Kama mwongozo una nukuu za Kiarabu, kumbuka kwamba Word huhifadhi fonti ya maandishi ya namna hiyo kwenye nafasi tofauti, inayoitwa Complex scripts katika dirisha la Font. Noto Serif haina herufi za Kiarabu. Weka Noto Naskh Arabic kwenye nafasi hiyo.

Kuunganisha faili moja hufanyika kupitia Developer, Document Template, Attach, kisha kuwasha Automatically update document styles. Kwa faili 14 makro (programu ndogo inayoendeshwa ndani ya Word) ni salama zaidi, kwani haisahau sura hata moja. Weka nakala za faili kwenye folda moja pamoja na kiolezo, halafu endesha hii kutoka hati nyingine iliyo nje ya folda hiyo:

Sub SasishaMitindo()
Dim njia As String, jina As String, d As Document
njia = "C:\Mwongozo\"
jina = Dir(njia & "*.docx")
Do While jina <> ""
Set d = Documents.Open(njia & jina)
d.AttachedTemplate = njia & "mwongozo.dotx"
d.UpdateStyles
d.Close wdSaveChanges
jina = Dir
Loop
End Sub

Siku mkihama tena, mtabadilisha kiolezo na kuendesha makro hiyo hiyo.

Tarajia kurasa kuongezeka. Noto Serif ni pana kuliko Times New Roman kwa ukubwa uleule, hivyo aya zilizokuwa za pointi 12 jaribu kuziweka 10.5 au 11 kabla ya kulalamikia urefu. Nafasi ya Single kati ya mistari nayo hutegemea fonti. Unaweza kuikaza kwa Exactly, lakini si kwenye aya zenye picha au milinganyo ndani ya mstari, kwani itavikata juu. Milinganyo yenyewe itabaki Cambria Math, na iachwe hivyo. Kisha sahihisha nambari ya ukurasa wa kuanzia katika kila sura, na usasishe yaliyomo kwa F9.

Kwa wanaotumia programu nyingine, wazo ni lilelile. Katika LibreOffice Writer, hati kuu ya .odm hutumia mitindo yake kwa sura zote zilizomo, mradi majina yalingane. Katika InDesign, faili ya Book huruhusu kuteua sura moja kuwa chanzo cha mitindo na kusawazisha nyingine nayo. Katika LaTeX, kwa XeLaTeX au LuaLaTeX, ni mstari mmoja wa \setmainfont katika faili kuu.

Usiamini macho wala jina linaloonekana kwenye kisanduku cha fonti. Kompyuta isiyo na Noto Serif bado itaonyesha jina hilo huku ikichora fonti nyingine. Bonyeza Font Substitution katika Options, Advanced, uone kama kuna kilichobadilishwa kimyakimya. Halafu toa kila sura kama PDF, uifungue kwenye Adobe Reader, ubonyeze Ctrl+D na uende kwenye kichupo cha Fonts. Orodha hiyo hutaja kila fonti iliyotumika, hata ya nukta moja. Times New Roman ikitokea, rudi Word na uitafute kwa Ctrl+F ya hali ya juu kwa muundo wa fonti. Mara nyingi utaikuta kwenye aya tupu, kijachini cha ukurasa wa kwanza, au kisanduku kilichojificha nyuma ya picha. Maneno yaliyo sehemu ya picha yenyewe hayatatokea kwenye orodha hiyo. Michoro hiyo itabidi itolewe upya kutoka programu iliyoitengeneza.