Kitatange katika tangi la matumbawe: jibu kwa msomaji wa Mwanza

SWALI: Mtaalamu, pokea salamu kutoka Mwanza. Ninaendesha nyumba ya wageni huku Capri Point, na sebuleni nimeweka tangi la maji ya chumvi la lita 400 lenye umri wa miezi 14. Ndani yake yamo matumbawe laini, matumbawe magumu mawili ya Lobophyllia na Trachyphyllia, kombe moja hai la Tridacna, jamii ya chaza, na samaki wadogo wanne. Muuzaji mmoja wa Dar es Salaam ameniahidi kitatange mchanga mwenye rangi ya buluu iliyokolea na miviringo meupe, urefu wake sentimita 8. Amenitumia pia chupa ya dawa ya shaba, akisema niimimine tangini siku samaki atakapoingia ili asilete magonjwa. Je, samaki huyu ataishi na matumbawe yangu bila kuyadhuru? Na dawa hiyo niitumie?

JIBU: Ndugu msomaji, nitaanza na ile chupa kwa sababu ndiyo yenye haraka. Tafadhali usiimimine katika tangi hilo, hata tone moja. Shaba huua vimelea vya samaki, lakini ni sumu pia kwa viumbe wengi wasio na uti wa mgongo, na matumbawe na kombe lako, pamoja na konokono na kaa, wote wamo katika kundi hilo. Kipimo kinachotibu, yaani miligramu 0.15 hadi 0.20 za shaba huru kwa kila lita ya maji, samaki wengi hukivumilia, ilhali matumbawe hayakivumilii. Zaidi ya hayo, mawe ya chokaa na mchanga hunyonya shaba na huweza kuiachia tena baadaye, kwa hiyo kubadilisha maji baada ya kosa hakurudishi tangi katika hali yake ya awali. Niliwahi kuitwa katika hoteli moja siku mbili baada ya shaba kutiwa tangini. Konokono walikuwa wamelala chini wamekufa, matumbawe yamejikunja na kuanza kumeguka, na kilichobaki kuokolewa ni samaki peke yao. Dawa hiyo ina mahali pake, nami nitapaeleza, lakini si hapo.

Sasa samaki mwenyewe. Jina la kitatange lina mtego ambao mtu wa bara anaweza asiutambue: wavuvi wa pwani hulitumia kwa jamaa mbili tofauti, na wewe ukiagiza kwa simu kwa jina hilo tu unaweza kuletewa yeyote kati yao. Jamaa ya kwanza ni Pomacanthidae, ambao ndio unaowakusudia. Ya pili ni Chaetodontidae, ambao baadhi yao hawali karibu chochote ila nyama hai ya matumbawe, na hao hufa njaa tangini au humaliza matumbawe kwanza ndipo wafe njaa. Dai picha ya karibu ya kichwa kabla ya kulipa. Pomacanthidae ana mwiba mmoja mkubwa ulio wazi kwenye shavu, chini ya jicho, unaoelekea nyuma. Chaetodontidae hana mwiba huo.

Kwa maelezo yako, samaki uliyeahidiwa ni mtoto wa Pomacanthus imperator, mradi miviringo hiyo meupe imefungamana kama pete. Ikiwa ni mistari iliyopinda kama upinde bila kufungamana, basi huenda ni ndugu yake, Pomacanthus semicirculatus. Kwa swali lako tofauti hiyo haina uzito, kwa kuwa wote wawili hupatikana katika pwani yetu ya Bahari ya Hindi, wote hubadilika rangi kabisa wanapokomaa, na wote hukua kufikia sentimita 40 hivi. Huyo wa sentimita 8 anayependeza leo atahitaji tangi la lita 1,000 au zaidi, nami sioni haki kumwingiza samaki mahali ambapo tunajua tangu siku ya kwanza kwamba hapatamtosha. Na chakula chake cha asili ni hasa sifongo za baharini pamoja na viumbe wengine laini waliojishikiza mwambani. Mdomo uliozoea kudokoa vitu vya namna hiyo hautapita mbele ya Trachyphyllia iliyovimba kwa nyama bila kuionja, wala mbele ya vazi la kombe, yaani ile nyama laini ya ukingoni, lililotandazwa kwenye mwanga. Matumbawe yako mawili magumu na hilo kombe ndivyo vitu vinavyodokolewa mapema kuliko vingine. Matumbawe laini yenye ladha kali, kama Sarcophyton na Sinularia, kwa kawaida husalimika zaidi. Jibu langu kwa samaki huyo ni hapana.

Hata hivyo, sikushauri uachane na jamaa nzima. Wako vitatange wadogo wa jenasi ya Centropyge, na mmoja wao ni wa pwani yetu ya Afrika Mashariki hasa: Centropyge acanthops, mwenye mwili wa buluu na mgongo wa rangi ya chungwa, asiyezidi sentimita 8 hata akiwa mzima. Huyo hushinda akichunga mwani mfupi na uchafu laini juu ya mawe, na lita 400 zinamtosha vizuri. Mnunue mmoja tu, kwa maana katika nafasi ya namna hiyo wawili wasiopatana hupigana mpaka mmoja adhoofike. Lakini sitakudanganya kwamba ni salama kabisa. Samaki wa jenasi hii hutofautiana tabia mmoja mmoja: yupo anayeishi miaka bila kugusa tumbawe, na yupo wa aina ileile anayeanza kwa kulamba ute juu ya tumbawe, akazoea, kisha akauma nyama. Kama kombe lako ni la thamani kwako kuliko samaki, chaguo la uangalifu zaidi ni Genicanthus caudovittatus, ambaye naye hupatikana upande wetu wa bahari. Huyu hula vijiumbe vinavyoelea majini wala si vilivyojishikiza, kwa hiyo ni nadra kuyasumbua matumbawe. Ila hufikia sentimita 20, na katika lita 400 anakuwa kwenye mpaka wa chini kabisa. Tena huvuliwa kwenye kina kirefu, na akipandishwa haraka kibofu chake cha hewa huharibika. Anayeogelea kichwa chini au anayeshindwa kutulia majini usimpokee, hata ukipunguziwa bei.

Kuna jambo la Mwanza ambalo muuzaji wa Dar es Salaam hana sababu ya kulifikiria, nalo ni mwinuko. Uso wa Ziwa Victoria uko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na hapo shinikizo la hewa ni pungufu kwa asilimia 13 hivi. Maji ya chumvi yenye nyuzi 26 za Selsiasi, ambayo pwani yangeshika takriban miligramu 6.6 za oksijeni kwa lita, kwenu hushika chini kidogo ya 5.8, na hicho ndicho kikomo cha juu, wala si kile utakachokikuta alfajiri baada ya mwani na matumbawe kupumua usiku kucha. Vitatange ni samaki wa mwambani, penye mawimbi na hewa tele. Kwa hiyo elekeza pampu moja ya mkondo juu ili uso wa maji utikisike wakati wote, skima, yaani kifaa kinachoondoa uchafu kwa povu, isizimwe usiku, na joto ulishikilie kwenye nyuzi 25 au 26, kwani kila nyuzi inayoongezeka hupunguza oksijeni. Umeme ukikatika, tangi lililojaa hivyo halina saa nyingi za kusubiri. Pampu ndogo ya hewa inayotumia betri na kujiwasha yenyewe ni ya lazima, na ninaiona kuwa muhimu kuliko taa ya gharama kubwa.

Kuhusu maji yenyewe nitasema machache, maana tangi la miezi 14 linaonyesha kwamba unayajua mengi. Maji ya bomba ya Mwanza hutoka ziwani na hutiwa klorini; ya kuchanganyia chumvi na ya kujazia yaliyopungua kwa mvuke yapitishe kwanza kwenye mtambo wa kuchuja kwa osmosisi kinyume, kwa sababu fosfeti na nitreti zikiingia kidogo kidogo kila siku ndizo hulisha mwani unaoyasonga matumbawe. Tumia chumvi iliyotengenezwa kwa matangi ya baharini, gramu 35 hadi 38 kwa lita, wala si chumvi ya jikoni. Ujazo wa kila siku uwe wa maji yasiyo na chumvi, kwa kuwa kinachopotea hewani ni maji peke yake.

Sasa nifike pale ambapo chupa ya shaba ina kazi. Samaki mgeni asiingie katika tangi la matumbawe kabla ya kukaa karantini kwa siku 30 katika tangi la pembeni la lita 80 hadi 100. Liwe tupu, bila mchanga wala mawe: vipande vya bomba la plastiki vya kujifichia, hita, na kichujio cha sponji ulichokiweka wiki kadhaa katika tangi kubwa ili kishike bakteria wa kusafisha amonia, ile sumu itokanayo na uchafu wa samaki. Pima amonia kila siku katika wiki ya kwanza. Ukiona mwilini mwake dalili za vimelea, yaani madoa meupe kama chembe za chumvi, au vumbi la rangi ya dhahabu pamoja na kuhema kwa kasi, hapo shaba inahitajika. Ipandishe polepole kwa siku kadhaa mpaka kufikia kipimo nilichokitaja, ukipima kwa kifaa chake cha kupimia badala ya kukadiria kwa jicho, maana samaki wa jenasi ya Centropyge ni wepesi kuumia kwa shaba na hukataa kula mapema wanapozidishiwa. Ikiwa una hakika ni madoa meupe tu na si lile vumbi la dhahabu, njia ya upole zaidi ni kushusha chumvi ya tangi hilo la karantini kutoka gramu 35 hadi gramu 15 au 16 kwa lita ndani ya siku mbili, na kuishikilia hapo kwa wiki nne. Njia hiyo haitibu vumbi la dhahabu, ambalo huua kwa siku chache.

Vitatange hubeba pia minyoo bapa midogo ya ngozi na macho, inayowafanya wajikwaruze na jicho kuwa na ukungu. Dawa yake ni prazikwanteli, ileile ambayo watoto wa kando ya ziwa humezeshwa shuleni dhidi ya kichocho, kwa sababu mdudu wa kichocho naye ni mnyoo bapa. Kipimo ni miligramu 2.5 kwa lita, na hurudiwa baada ya siku tano hadi saba kwa kuwa mayai hayafi kwa dawa. Lakini usivunje vidonge vya binadamu ukavitia majini, kwani vina viambato vingine vinavyochafua maji. Muombe daktari wa mifugo akupatie unga halisi, na uongeze hewa siku hizo.

Samaki aje kwa ndege, asije kwa basi. Atakapofika, usimdondoshee maji ya tangi kidogo kidogo ndani ya mfuko kwa saa nzima kama wengi wanavyofundishwa. Safarini hewa ya ukaa hulimbikizana katika mfuko, ikashusha pH (kipimo cha uasidi wa maji) na kuifanya amonia isiwe kali. Mfuko ukifunguliwa tu hewa hiyo hutoka, pH hupanda, na amonia ileile hugeuka sumu. Muulize muuzaji kiwango cha chumvi cha maji yake, andaa karantini iwe sawa nacho, acha mfuko uelee juu ya maji kwa dakika 15 hadi 20 ili joto lilingane, kisha mhamishe samaki mara moja na kuyamwaga maji ya mfuko.

Akila vizuri na kumaliza siku 30 za karantini, mweke kwanza ndani ya sanduku la plastiki angavu lenye matundu, ndani ya tangi la matumbawe, kwa siku tatu au nne, ili wenyeji wamzoee. Awe samaki wa mwisho kuingia. Na hapa nakusihi kuliko mahali pengine pote: mlishe mara nyingi. Kitatange anayepewa mlo mmoja mkubwa jioni atashinda akitafuta mwingine, na anachokikuta ni tumbawe. Mpe kidogo kidogo mara tatu au nne kwa siku: karatasi za mwani mkavu zisizotiwa viungo zikiwa zimebanwa kwenye kioo tangu asubuhi, uduvi mdogo wa baharini aliyegandishwa, na chakula chenye spirulina, aina ya mwani mdogo sana. Dagaa wa ziwani waache jikoni, kwani si mlo wa mchungaji wa mwani.

Kisha keti mbele ya tangi, hasa asubuhi kabla ya mlo wa kwanza. Kudokoa mara moja kwa kupita si tatizo. Tatizo ni pale tumbawe lilelile linapojifunga siku tatu mfululizo, au kombe linapofunga vazi lake kila samaki akaribiapo. Usisubiri wiki ya pili, kwani tumbawe lisilofunguka halipati mwanga wala chakula, na jeraha lake hualika maambukizi. Lile sanduku angavu usilitoe tangini mwezi wa kwanza wote: mzoeshe samaki kula mwani ndani yake mlango ukiwa wazi, na siku ikilazimu kumtoa utafunga mlango tu, bila kubomoa jiwe hata moja.