Barua kwa mwanangu: funguo nyeusi

Mwanangu mpendwa,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Hapa Kitangiri sote wazima, na mama yako karudi jana kutoka Ukerewe, anakusalimu sana. Umeniuliza kama kwa umri wako wa miaka 33 ununue kinanda cha funguo 61 uanze kujifunza hapo Dodoma, au udunduize mpaka upate chenye funguo 88 kama piano yenyewe. Kila nikishika kalamu kukujibu, namwona shangazi yako.

Funguo 61 ni oktava tano, yaani toka Do mpaka Do ya juu mara tano, na nyimbo za anayeanza hazivuki hapo. Angalia zaidi uzito wa funguo. Kwenye piano ukibonyeza unarusha nyundo inayogonga waya, kwa hiyo ukigusa taratibu inaita taratibu, ukikandamiza inanguruma. Vile vya bei ndogo kabisa, uguse au ukandamize, sauti ni ileile. Hilo utalijaribu mwenyewe dukani. Mimi nina neno juu ya kile kitufe cha "transpose", kinachohamisha wimbo mzima juu au chini. Usikizoee.

Unawajua vijana wetu wa kwaya. Wengi wanapiga Do ikiwa kwenye ufunguo uitwao C tu, kwenye funguo nyeupe. Karatasi ikisema "Do = F", wanabonyeza kitufe, mashine inahama, vidole vimebaki palepale. Nawapenda vijana hao, wanapiga misa mbili mfululizo hata chai hawajanywa. Lakini nilikuwepo ule mkesha wa Pasaka.

Mama yako amekusimulia, ila yeye alikuwa nyuma amekupakata, hakuona. Tangu wimbo wa Utukufu wa Alhamisi Kuu kinanda kilikuwa kimya, kengele nazo kimya, kama desturi ilivyo. Ukafika Utukufu wa mkesha, kengele zikalia, kinanda kikaingia kwa nguvu zote, na ubeti wa kwanza haujaisha umeme ukakatika. Tukaendelea kuimba, lakini soprano wakaanza kushuka, na sisi besi tukawafuata hukohuko. Kijana wa kinanda akabaki ameduwaa, mikono iko hewani.

Shangazi yako akatoka kwenye safu ya alto, akaenda kwenye kile kinanda cha zamani cha kukanyaga, kilichokuwa pembeni kimefunikwa kitenge. Kwa uzee kilikuwa kimeshuka karibu nusu sauti, yaani hatua ya ufunguo mmoja, kwa hiyo F yake haikuwa F yetu tuliyoifanya Do. Akakanyaga, akagusa ufunguo mmoja kwa upole, akainamisha kichwa kusikiliza, akasogea mmoja juu yake, ule mweusi. Hapo Do ikakaa juu ya ufunguo mweusi, na funguo nyeusi zote tano zimo kwenye wimbo. Akaingia nazo bila kusita. Soprano wakapanda mahali pao. Nakuandikia hivi vinyweleo vimenisimama.

Na kwenye shukrani za mwisho wa misa hakutajwa. Walitajwa wapambaji, akatajwa aliyeleta mishumaa. Yeye halimuumi, mimi linaniuma mpaka leo.

Ndiyo maana nasema, zianze funguo nyeusi mapema. Chopin, yule Mpolandi, wanafunzi wake aliwaanzisha na skeli ya B, yaani Do-Re-Mi inayoanzia B, yenye funguo nyeusi tano, wala si C. Weka mkono wa kulia uone: dole gumba ndiyo 1, kidole cha mwisho 5, unapanda 1-2-3-1-2-3-4-5. Vidole virefu vinatua vyenyewe kwenye nyeusi, na gumba linabaki na nyeupe zake, B na E. Mkono unakaa jinsi ulivyoumbwa. C inasomeka kirahisi kwenye karatasi, lakini kwa vidole si rahisi hata kidogo, ingawa wengi huanzishwa nayo.

Ila najipinga mwenyewe. Usiku ule noti zilikuwa gizani. Kilichoutafuta ule ufunguo ni sikio, na hao vijana ninaowasema wana masikio makali kuliko langu. Pengine wangekosa kitufe wangejifunza kwa wiki chache. Basi nasema sikio lilimwonyesha njia, vidole ndivyo vilivyompitisha. Au nasema hivyo kwa sababu ni dada yangu. Hata hivyo funguo nyeusi, mwanangu, mapema.

Kati ya 61 na 88 sitakuamulia, ingawa ulimi unaniwasha na mama yako ananitazama. Fedha ni yako, chumba ni chako, na anayeishi na majirani wa hapo ni wewe. Chochote utakachonunua, mkono wa kushoto uupe zamu yake peke yake kila siku kabla ya kuiunganisha mikono.

Shangazi yako anasema ukija Desemba atakusikiliza. Njoo umekata kucha, kwa hilo hana msamaha.

Baba yako