Kabla hujakubali nafasi ya udaktari wa meno, nenda ukahesabu viti

Nilipomaliza kidato cha sita nyumbani Busia, nilikuwa na barua tatu mkononi za kusomea udaktari wa meno. Moja ya Makerere, ya kujilipia. Ya pili ya Muhimbili, Dar es Salaam. Ya tatu ilitoka chuo ambacho sitakitaja, na hicho ndicho kilichokuwa na ada nafuu na barua yenye maneno matamu kuliko zote. Baba alikuwa ameshaanza kutafuta mnunuzi wa ng'ombe wawili. Mjomba, aliyekuwa akiendesha malori ya mizigo mpakani, ndiye aliyetusimamisha. "Mwanangu, ng'ombe wasitoke zizini mpaka ukaone mahali penyewe kwa macho yako."

Nikaenda. Kliniki ya meno ya chuo kile ilikuwa na viti sita. Viwili vilikuwa vikifanya kazi, na kimoja kati ya vilivyobaki kilikuwa kimewekewa mafaili. Wanafunzi wa mwaka wa nne walikuwa wamesimama ukutani wakimtazama mwenzao mmoja akiziba jino. Nilimwuliza dada mmoja aliyekuwa pembeni ameng'oa meno mangapi kwa mkono wake tangu aingie kliniki. Akahesabu kwa vidole, na mkono mmoja ukatosha.

Leo natibu meno, na bado nikiulizwa kuhusu kuchagua chuo naanza na viti, kwa sababu kazi hii inakaa mikononi. Chukua sindano ya ganzi ya taya la chini. Neva unayoitafuta huioni. Unaelekeza sindano kwa kufuata alama za mfupa nyuma ya gego la mwisho, unaugusa mfupa, unarudi nyuma kidogo, unavuta bomba kuhakikisha damu haiingii, ndipo unasukuma dawa polepole. Nilikuwa naweza kuyaandika hayo yote kwenye mtihani bila kukosea. Mgonjwa wangu wa kwanza hakufa ganzi hata kidogo. Wa tano vilevile. Mkono wangu ulielewa baada ya wagonjwa wengi, na kila mara mwalimu alikuwa hatua mbili kutoka nilipo. Mwanafunzi anayetazama tu kwa miaka mitatu atakuja kujifunzia jambo hilo kwa mama wa watu, peke yake, katika kituo cha afya mbali na msaada.

Kwa hiyo uliza viti vingapi vinafanya kazi wiki hii, na wanafunzi wangapi wanagawana kila kimoja. Uliza daftari la kazi linadai kila mwanafunzi ang'oe meno mangapi, azibe mangapi, atibu mizizi mingapi kabla ya kuhitimu. Halafu watafute wa mwaka wa mwisho, uwaulize kama kweli wanayafikia au hujaziana sahihi. Hilo la mwisho litakuambia zaidi ya maelezo ya ofisi yoyote.

Viti peke yake havitoshi, lazima viwe na watu. Nimewahi kuona kliniki ya chuo inayong'aa, mashine mpya, na benchi la wagonjwa tupu kwa sababu bei ilikuwa juu ya uwezo wa mtaa mzima. Hospitali kubwa ya umma ina foleni, joto na kelele, na foleni hiyo ndiyo shule yenyewe. Ni katika hospitali ya Mulago, Kampala, daktari mpasuaji Denis Burkitt alipokutana na watoto wenye uvimbe wa taya, akauandika mwaka 1958, na ugonjwa huo, ambao ni saratani, ukabeba jina lake. Meno ya mtoto yanayolegea bila sababu yanaweza kuwa dalili yake ya mwanzo. Uvimbe huo hukua kwa kasi sana, lakini ukiwahiwa huitikia dawa vizuri. Mwanafunzi aliyewahi kumwona mtoto mmoja wa namna hiyo hatamrudisha mwingine nyumbani na vidonge vya maumivu. Ndivyo ilivyo pia kwa watoto waliochimbuliwa vijino vichanga kwenye ufizi na waganga kwa imani ya ebinyo, kwamba ndivyo vinavyoleta homa na kuhara. Madhara yake huonekana miaka baadaye, meno ya kudumu yakija yamepinda au yasije kabisa. Soma mahali ambapo maradhi ya watu utakaowatibu yanapita mbele yako.

Sisi tuliokulia Kiswahili tuna swali jingine, nalo wengi hulidharau: utaongea na mgonjwa kwa lugha gani? Masomo ni Kiingereza Kampala na ni Kiingereza Dar es Salaam, lakini maumivu hayaelezwi kwa Kiingereza. Kwa Kiswahili mtu akikuambia jino linapwita usiku, na mwingine akasema anasikia ukakasi akinywa maji baridi, umeshaanza kutenganisha jino ambalo kiini chake, ile nyama laini ya ndani yenye neva, kimevimba na lile lenye uchungu wa kupita, kabla hata hajafungua kinywa. Hilo lilinivuta sana Muhimbili, sitaficha. Mwishowe nilichagua Makerere kwa sababu nilitaka kufanya kazi Uganda, na Kiganda nikajifunza pale pale kitini, kwa wazee waliokuwa wakinisahihisha huku shavu limevimba. Kama unataka kufanya kazi pwani, hesabu yako itatoka tofauti na yangu, na itakuwa sahihi.

Jina la shahada lisikusumbue. Makerere hutoa shahada ya upasuaji wa meno, Muhimbili hukuita daktari wa upasuaji wa meno, na kote ni miaka mitano. Kinachofaa kukusumbua ni usajili. Nenda mwenyewe kwa Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno la Uganda, uulize kama kozi hiyo inatambuliwa, si chuo tu, na upate jibu kwa maandishi. Chuo kinaweza kuwa halali na kozi yake mpya ikawa bado.

Kuhusu pesa, usilinganishe ada kwa ada. Mimi nilishtuka mwaka wa tatu, nilipoambiwa ninunue vifaa vyangu vya mkono, na Baba akarudi tena zizini. Uliza orodha ya vifaa mapema, na nani hulipia glavu na dawa za ganzi. Baada ya miaka mitano kuna mwaka mzima wa mafunzo kazini kabla ya usajili kamili. Kama fedha hazifiki huko, ipo diploma ya afisa wa afya ya meno pale Mulago. Maafisa hao ndio wanaobeba meno ya vijijini katika vituo vya afya vya ngazi ya nne, na nimefanya kazi na wengine ambao mikono yao naihusudu.

Mpwa wangu amepata barua mbili mwaka huu, moja ikiwa ya Chuo Kikuu cha Kikristo cha Uganda, kilichoanza kufundisha meno mwaka 2018 kikitumia hospitali ya Mengo. Aliniomba nimchagulie. Nimempa nauli na daftari. Jumanne anaanza safari ya kwenda kote kuwili, na nimemsihi kila mahali afike saa mbili asubuhi, wagonjwa wakiwa bado wanaingia, akae kwenye benchi lao mpaka adhuhuri.