Mama mdogo, Waprotestanti wa Geneva si sisi

Shikamoo Mama mdogo. Umeuliza kwenye kundi la ukoo mbona nahangaika kutafuta kanisa la Kilutheri, wakati Geneva ni mji wa Waprotestanti toka zamani. Nikujibu bila kuficha: Waprotestanti hatufanani kiasi hicho.

Ukiingia Saint-Pierre, kanisa kuu la hapa alikohubiri Calvin, kiongozi wa matengenezo ya kanisa Geneva, unakuta kuta tupu. Sanamu ziliondolewa mwaka 1535, yeye hajafika bado. Luther, mwanzilishi wa Ulutheri wetu, hakutaka fujo hizo. Mwaka 1522 watu wa Wittenberg, mji wake huko Ujerumani, walipoanza kuvunja picha, alitoka mafichoni katika ngome ya Wartburg, akawahubiria siku nane mfululizo watulie. Kwake, kisichopingana na Injili kingeweza kubaki: altare, mishumaa, sikukuu. Calvin alitaka ibada iwe na yale tu yaliyoagizwa na Maandiko. Hapa Krismasi ilifutwa mwaka 1550! Kanisani ziliimbwa Zaburi, kwa sauti moja, bila kinanda. Kwaya yenu ya sauti nne ingetimuliwa.

Lakini kubwa ni wazee wa kanisa. Luther aliwategemea zaidi watawala walinde kanisa, na akina baba wafundishe Katekisimu Ndogo nyumbani. Calvin, mwaka 1541, aliweka wachungaji, walimu, wazee na mashemasi. Wazee 12 walikaa na wachungaji kila Alhamisi, wakiwaita waliocheza dansi, wanandoa wanaogombana, hata bibi aliyeendelea kumwomba Maria. Mkaidi alizuiwa Meza ya Bwana. Nikisoma hayo nawakumbuka wazee wa mtaa wetu, wanaomtenga binti aliyepata mimba mpaka atubu mbele ya usharika ndipo arudi kundini. Wale ni Wakalvini watupu (usimwambie mchungaji).

Kanisa letu la Kilutheri hapa, pale Bourg-de-Four, ukilitazama kwa nje utadhani ni nyumba ya tajiri. Lilijengwa karne ya 18 kwa sharti kwamba lisifanane na kanisa. Siku hizi hakuna anayetubana. Wenyeji wengi hawana habari na Luther wala Calvin, na Jumapili mabenchi ni mengi kuliko watu.

Wala usidhani wananikatalia Meza. Luther na Zwingli, mwanamatengenezo wa Zurich wa upande huu wa Uswisi, walishindwa kuelewana juu yake kule Marburg, Ujerumani, mwaka 1529, lakini tangu mapatano ya Leuenberg ya mwaka 1973 kati ya Walutheri na makanisa ya upande wa Calvin na Zwingli, tunashiriki pamoja. Saint-Pierre naweza kushiriki. Ila nataka liturujia inayoimbwa, na nyimbo ninazozijua bila kushika kitabu.