Shusha pumzi, usivute tu

*Shangazi, nauza chakula Mwanjelwa, Mbeya. Wale wa mikopo ya riba kubwa, kausha damu, wakija kudai, moyo unaenda mbio. Navuta pumzi ndefu kama unavyotufundisha, lakini napata kizunguzungu na vidole vinakufa ganzi. – Mama Lishe*

Sijawahi kukufundisha kuvuta, mama. Kila anayemtuliza mwenzake husema "vuta pumzi", basi mnavuta kama mnajaza upepo tairi. Ukivuta kupita kiasi, kaboni daioksaidi hupungua kwenye damu, ndiyo hicho kizunguzungu na hiyo ganzi. Kiswahili kilishatuambia zamani: aliyenusurika *ameshusha* pumzi.

Weka mwiko chini. Ingiza hewa kwa pua, taratibu, hesabu hadi nne. Tumbo ndilo liinuke, mabega yatulie. Itoe kwa mdomo kama unapuliza chai ya moto, hadi sita au nane. Moyo hupunguza mwendo wakati hewa inatoka. Dakika tatu zinatosha. Nawa na uso kwa maji baridi. Ya Mbeya mwezi wa saba hayadai barafu. Kifua kikibana au kuuma, hospitali, siyo kwangu.

Deni litakuwa palepale, ila utalijibu akili ikiwepo. Na usikope kwingine kulipa hao. Hukuniuliza, lakini nakwambia.

*Nikizoea pumzi, niache dawa za presha? – Tukuyu*

Hapana. Nimelijibu hili mpaka nimechoka.

*Nasoma Njombe. Usiku nafunga dirisha, nawasha jiko la mkaa, nafanya zoezi la pumzi. Baadaye kichwa kinaniuma na usingizi mzito unanivuta. Ndiyo kutulia kwenyewe?*

Huko ni kufa, mwanangu. Mkaa ulioshika vizuri hautoi moshi, lakini unatoa kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu. Jiko litoke nje leo, hata kabla hujamaliza kusoma hapa. Vaa masweta mawili, ingia kwenye blanketi, kisha kaza vidole vya miguu kwa hesabu tano na uachie ghafla. Panda hivyo hivyo: mapaja, ngumi, mabega, taya. Daktari Mmarekani Edmund Jacobson alikuwa akiwafundisha watu kulegeza misuli tangu miaka ya 1920, na hakuhitaji mkaa.

*Mume wangu akinipiga natetemeka hadi asubuhi. Pumzi ipi inafaa? – Iringa*

Kamwene, dada. Mwili wako umeona hatari na unasema kweli, sitakufundisha kuunyamazisha. Nenda dawati la jinsia kituo cha polisi, au kwa ndugu unayemwamini, akiwa bado hajarudi. Pumzi tutazungumza ukishafika.